Vitanda Visivyoagizwa

14 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wanangu. Sisi huku hatujambo, ukiacha magoti ya Mama, ambayo mwenyewe anasema yamestaafu kabla yake. Binti yangu kaingia kidato cha tatu na sasa anajua kila kitu, hivyo nyumbani hatuhitaji tena kamusi.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unanisikiliza kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Tena shemeji yako hukaa karibu, na haya mengine sipendi ayasikie yakitoka mdomoni mwangu.

Biashara imelala. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, watu wanaingia dukani, wanapapasa makabati, wanavuta droo na kuirudisha, wanasema, "Kazi safi hii," halafu wanasema watarudi. Wala si kwamba wote wamefilisika. Mwalimu wa shule ya hapa jirani mshahara wake uko palepale, lakini wiki iliyopita alikuja kufuta oda ya kitanda cha binti yake anayeolewa. Nikamuuliza, "Mwalimu, kwani harusi imevunjika?"

"Haijavunjika, mama. Ila siku hizi nikitaka kutoa hela mkono unakataa. Sijui kesho kuna nini."

Akatoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyetuibia.

Sasa sikia. Kampuni moja ya samani za shule, mji wa pili kutoka hapa, inamtaka shemeji yako awe fundi mkuu wa karakana yao. Mshahara kila mwezi. Lakini itabidi tufunge hapa, tumwachishe kazi Vanishi, yule mpaka rangi wetu, ambaye jina lake la kuzaliwa nadhani hata mkewe kalisahau. Wanataka jibu mwishoni mwa mwezi ujao. Shemeji yako anasema, "Mwandikie nduguyo, Bwana Asilimia. Yeye ndiye anakaa na hao wakubwa wizarani. Akisema twende, tutakwenda. Akisema tukae, tutakaa."

Mimi sina neno. Nimekuandikia kama alivyosema.

Wako,
Dada

9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa ofisini tumekuwa tukiandaa mpango wa waziri, na nyumbani naingia watoto wamelala, natoka wamelala. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema nimekuwa mpangaji asiyelipa kodi. Mwaka huu tulikuwa tubadilishe makochi ya sebuleni, lakini tumeona tusubiri kwanza hali itulie. Mpe Mama pole ya magoti.

Hilo la mwalimu wako nimelisoma nikatikisa kichwa, maana ndilo tunalolisikia kila mahali. Ofisi yetu hutuma watu majumbani kuuliza kama familia zinaona huu ni wakati mzuri wa kununua kitu kikubwa. Majibu hayajawahi kuwa mabaya hivi tangu nianze kazi. Hela haijatoweka yote, dada. Kilichopungua ni imani. Mtu akiogopa, hanunui. Asiponunua, mwenye duka anapunguza watu. Wale waliopunguzwa wakipita mtaani, walio kazini wanawaona na kuogopa zaidi. Ni kama watu wanaosukumana kwenye ngazi; lazima mmoja ashike ukuta. Serikali ndiyo pekee inayoweza kushika ukuta wakati kila mtu anarudi nyuma.

Na tutaushika. Mwezi ujao riba itashushwa, kodi ya vifaa vya nyumbani itapunguzwa pamoja na ya mbao, wakandarasi watalipwa madeni yao ya zamani, na kazi mpya zitaanzishwa, masoko na shule, ili vijana wapate kipato. Nchi nyingine zimefanya hivi zikasimama.

Kwa hiyo mwambie shemeji asiondoke. Karakana kama ile ikifungwa haifunguki tena. Avumilie. Kufikia katikati ya mwaka watu wataanza kununua, na yeye atakuwa fundi pekee aliyebaki na milango wazi. Mwambie nimesema mimi.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, ila amegombana na redio. Waziri wenu aliposema kila mwananchi mzalendo anunue bidhaa za nyumbani ili uchumi usonge, Mama alimjibu kwa sauti: "Ninacho kitanda kimoja na mwili mmoja. Unataka nilale kwa zamu?" Binti yangu akacheka mpaka akapaliwa na chai. Basi tangu hapo kila jioni Mama hukaa mbele ya redio kama mtu anayemsubiri mdaiwa wake.

Barua yako ilifika salama. Shemeji yako aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Kesho yake asubuhi akapiga simu kule kwenye kampuni akawaambia hapana. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipokata simu akaniambia, "Bwana Asilimia hawezi kutudanganya. Ni damu yako." Akarudi kwenye randa yake.

Huo mpango wenu tumeuona, nisije nikasema uongo. Nilikwenda benki kuuliza hiyo riba mpya, kijana wa dirishani akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hata sisi tumeisikia redioni." Muuza mbao naye nikamuuliza juu ya kodi iliyopungua. Akasema mbao alizonazo alizinunua kwa kodi ya zamani, nisubiri ziishe. Zitaishaje na hakuna anayenunua? Baadhi ya watu hapa mtaani wamelipwa malimbikizo yao kweli. Jirani yetu mmoja ni mkandarasi, kalipwa. Nikajiandaa, nikafuta vumbi makabati yote. Akapita na begi lake, akanisalimu vizuri, akaenda moja kwa moja kulipa madeni yake, na kilichobaki kakificha anakokujua yeye.

Mimi nawaelewa. Hata wewe nakuelewa. Unawaambia watu wanunue, na makochi yako umeyaahirisha. Sikusemi kwa ubaya. Nilipofika pale kwenye barua nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Kuna jambo lingine. Shemeji yako anatengeneza vitanda. Hakuna aliyeagiza. Mbao zilizokuwa stoo za makabati na milango, zote anazifanya vitanda, na si vitanda vya haraka. Anachonga vichwa vyake, maua na majani, mambo ambayo hakuyafanya hata wakati wateja walikuwa wakipigania zamu. Nimemwambia, "Baba, hivi anavinunua nani?" Akasema, "Nduguyo kasema katikati ya mwaka. Nataka wakija wakute." Vanishi anavipaka, anakuja siku mbili kwa wiki sasa, na siku hizo mbili hatumlipi zote.

Wasalimie wanangu. Waambie shangazi yao ana vitanda vya kuwatosha shule nzima.

Dada

17 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na amemng'ata mama yake, kwa hiyo nyumbani kuna vita.

Lile la makochi limenichoma, na umenikamata kwa haki. Wifi yako nilipomsomea alisema, "Huyo dada yako wangemuajiri yeye."

Naomba unielewe: mambo haya hayaendi kama swichi ya taa. Benki kuu ikishusha riba, benki za kawaida huvuta miguu kwa miezi. Kodi nayo lazima ipite kwanza kwenye bidhaa zilizoko madukani. Majengo ndiyo yameanza sasa hivi. Hapo kwenu soko jipya limeshawekewa msingi, nadhani umeliona. Yote yanakwenda. Taratibu, lakini yanakwenda.

Naambatanisha hela kidogo. Nataka shemeji anitengenezee meza ya kuandikia, ya mbao ngumu, yenye droo upande wa kulia. Naihitaji kweli.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini nyote wazima. Huku wazima.

Hela yako nimeirudisha, utaikuta ndani ya bahasha hii. Usinikasirikie. Shemeji yako alipoiona alisema, "Mwambie shemeji namshukuru. Lakini mtu mwenye meza tatu nyumbani haagizi ya nne. Hiyo si oda, ni pole. Nami sijafiwa." Nilimbembeleza, hakutaka. Unamjua, akishagoma, hata Mama hamwezi.

Vanishi tumeachana naye mwisho wa mwezi uliopita. Alikusanya brashi zake, akaziosha moja moja, akaziacha. Nikamwambia achukue, ni zake. Akasema, "Nikizichukua itakuwa kama sitarudi."

Shemeji yako amepata kibarua. Ni huko huko kwenye kazi zenu za serikali. Anaondoka asubuhi na mapema, anarudi jioni, anaoga, analala. Randa haishiki tena. Duka la mbele limejaa vitanda mpaka mteja akitokea itabidi apite ubavuubavu.

Katikati ya mwaka ndiyo hii. Sikuulizi kitu.

Binti anakusalimu. Mama anauliza utakuja lini.

Dada

30 Agosti

Dada yangu,

Tangu nirudi kutoka kwenye maziko ya shemeji nimeianza barua hii nikaichana sijui mara ngapi. Sikuweza kusema lolote nilipokuwa huko, na wewe hukunipa nafasi. Kila niliposogea ulikuwa na jambo la kufanya. Ukanipa maji ya kunawa. Ukaniuliza kama nimepata usingizi kwenye basi. Ukaniambia nisisahau koti. Watu wamejaa uani, mimi nimekaa kwenye benchi alilolitengeneza yeye, na hukunitazama usoni hata mara moja.

Hukuniambia kwamba alikuwa juu ya paa. Uliandika "kibarua", nikadhani ni kupiga milango na madirisha chini. Vanishi ndiye aliyenieleza, tumesimama nyuma ya karakana, huku akifuta macho kwa kiwiko. Kumbe walitaka mafundi wa kenchi za paa tu, na fundi wa samani hawakuwa na kazi naye. Akawaambia anaweza. Mtu ambaye hata taa ikiungua nyumbani alimwita kijana wa jirani apande ngazi! Vanishi anasema siku za mwanzo alikuwa akishuka huku miguu inamtetemeka, anakaa chini ya ukuta mpaka itulie, kisha ndipo anakuja nyumbani ili usimwone.

Kabla sijapanda basi nilipitia pale sokoni. Wanaendelea. Upande ule alikoangukia wameshaufunika kwa mabati. Nikamuuliza msimamizi kwa nini hawakuwa na kamba za kujifungia. Akasema zilikuwa zimeagizwa, ila mkandarasi alihimizwa amalize haraka. Nikamuuliza, alihimizwa na nani? Akatazama nguo zangu, akasema, "Na ninyi, mzee. Waziri anataka soko lifunguliwe kabla ya mwisho wa mwaka."

Ile barua ya kuhimiza, dada, ilipita mezani kwangu. Zilikuwa nyingi, za mikoa yote. Niliipitisha pamoja na nyingine.

Naomba unijibu jambo moja tu, na unijibu kama dada, si kama mwenyeji anayempa mgeni maji. Unanilaumu?

Mdogo wako

4 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo.

Mama amehamia chumbani kwangu. Anasema ni kwa sababu ya baridi, na baridi hakuna. Usiku ananishika mkono kama nilivyokuwa mtoto, asubuhi anakana.

Binti alisema anaacha shule atafute kazi. Tuligombana siku nzima. Mwishoni nilimwambia baba yake hakupanda kule, miguu ikimtetemeka, ili yeye aje auze vocha barabarani. Nikajuta papo hapo, maana alikuwa hajui kwamba nilijua kuhusu ile miguu. Tulilia wote wawili sakafuni, kisha akaenda kupiga pasi sare yake.

Ndiyo, nilijua. Mke anajua. Akirudi nilimwona akivua viatu kwa mikono miwili. Nilikuwa nachemsha maji mapema ili asisubiri. Hakutaka kuniambia na mimi sikutaka kumwambia kwamba najua, tukawa tunaheshimiana hivyo mpaka siku ile.

Vanishi anakuja kila Jumamosi kufagia karakana. Hatumlipi na haombi. Nilimpa aproni ya marehemu, akaivaa, ikamfika chini ya magoti.

Kuhusu ulichoniuliza, naona karatasi imejaa.

Dada

18 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ada ya binti nimeshailipa shuleni moja kwa moja, risiti wanayo. Tafadhali usiirudishe. Mimi si mteja hapo, ni mjomba.

Kuna habari ambayo nataka uipate kwangu kabla hujaisikia redioni. Majibu mapya ya wanunuzi yametoka. Yamepanda, tena sana. Watu wameanza kununua. Mikopo ya benki inatoka, mbao zimeshuka bei, viwanda viwili vimefunguliwa tena. Waziri alituita ukumbini akatupongeza mmoja mmoja. Watu wakapiga makofi. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikasikia jina langu, nikaona sauti zote zinatoka mbali. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Mpango umefanya kazi, dada. Sijui nikwambie vipi ili isiwe tusi. Wenzangu wanasema tumeokoa maelfu ya familia na mimi najua ni kweli. Nimeziona takwimu, hazidanganyi. Naenda nyumbani na ukweli huo, nalala nao, naamka nao, hauninyanyui.

Sitakuuliza tena lile swali.

Mdogo wako

6 Desemba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu za Mama zitangulie. Anasema uje na watoto, na uje na dawa ya kuchua, ile kali. Binti amefanya mtihani, amekuwa wa nne, na anasema hao watatu waliomtangulia walikuwa na bahati. Ameanza tena ubishi. Nashukuru.

Nilikwisha kujua kabla barua yako haijafika. Ilianza kwa mama mmoja muuza vitambaa, kaingia asubuhi, kauliza bei, kalipa. Nilibaki nimeshika zile hela nikimtazama, akaniuliza kama kuna kasoro. Siku iliyofuata wakaja wawili. Wanavipenda vile vichwa vilivyochongwa, wanavipitishia vidole. Mwalimu naye alikuja, kanywea mlangoni, kasema binti yake aliolewa akalala kwenye godoro chini, sasa anataka kumpelekea kitanda hata kama kimechelewa. Nilimpa kile chenye maua makubwa. Tulikibeba pamoja mpaka kwenye mkokoteni.

Kila kinachotoka, Vanishi anasimama uani mpaka mkokoteni upinde kona. Mimi nabaki ndani. Ukutani kinakopungua kitanda panabaki alama ya vumbi.

Nilikataa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione kama naweza kukulaumu. Ingenisaidia. Mtu akiwa na wa kumlaumu ana pa kuegemea. Nilijaribu, mdogo wangu, nilijaribu kweli, usiku nikikupanga maneno. Lakini ulisema watanunua, na wananunua. Ulisema katikati ya mwaka, wakaja mwishoni. Kwa hesabu za ofisini kwenu nadhani hayo ni makosa madogo sana, watu hawafukuzwi kazi kwa hayo. Mume wangu aliangukia humo, ndani ya hayo makosa madogo. Kama huko ni kulaumu, basi nakulaumu. Kama siko, sijui kunaitwaje, na wewe uliyesoma ukipata jina lake usiniandikie. Njoo. Uje ukae uani na mimi, nitakutazama usoni.

Wala usiache kazi, maana nakujua, umeshaanza kuwaza. Wakati mwingine watakapokuletea barua za kuhimiza, angalau awepo mtu mmoja mle ndani atakayeuliza kuhusu kamba.

Jana asubuhi kilibaki kimoja, kile alichokitengeneza mwisho. Waliingia kijana na mchumba wake, wameshikana mikono, wameona aibu kuulizia kitanda mbele ya mtu mzima. Msichana alipokaa ukingoni kupima, akacheka peke yake. Wakalipa bila kupunguziwa. Kisha yule kijana akapapasa mbao akasema, "Mama, tunataka na kabati la kufanana nacho. Aliyechonga ni fundi wenu?"

Nikasema ndiye.

"Tunaweza kuacha oda?"

Vanishi alikuwa anafagia, ufagio ukasimama. Nilifungua mdomo niwaambie. Lakini niliwatazama wale watoto, na hela yao wameitoa kwa moyo mkunjufu, na yule msichana bado anacheka, nikaona si haki kuwatia ubaridi.

Nikasema, "Fundi hapokei oda kwa sasa."

"Hakuna tabu, mama," akasema yule kijana. "Sisi hatuna haraka. Tunaweza kumsubiri."

Nikamshikia upande wa miguuni, yeye akashika upande wa kichwa, tukakitoa nje.

Dada yako